Kompyuta ya kuunga mwenyewe ikigoma: imekwama geti gani?

Aisee kuna chalii mmoja anakaa kule Kwa Mrombo, alinitokea hapa Sakina, Arusha, jumamosi asubuhi na keisi ya kompyuta kaifunga na khanga ya mama yake, kapanda nayo vifodi viwili kaipakata kama mtoto anapelekwa kliniki. Mashine kaiunga mwenyewe na kusema ukweli kaiunga vizuri, prosesa i5-12400F, RAM GB 16, kadi ya grafiki ya mtumba ila nzima. Shida yake kila jioni akifungua gemu, dakika kumi haziishi, pwaa, inazima kama mtu kachomoa waya ukutani. Hamna skrini ya bluu wala meseji yoyote, giza tu. Fundi wa kwanza akamwambia ni RAM, akanunua nyingine ya GB 8, elfu sabini ikaenda, bado inazima. Wa pili akamwambia kadi ya grafiki imechoka, na hapo alipokuja kwangu alikuwa anataka nimtafutie mteja wa kuinunua.

Nikaiwasha kwangu. Jumamosi nzima tukacheza gemu lile lile, jumapili nikaiachia programu ya kuichosha prosesa na kadi kwa pamoja masaa manne mfululizo, haikuzima hata mara moja, na chalii ananiangalia kama vile mi ndo nimemficha ugonjwa.

Huyu nitamrudia, kwanza nieleze kitu kimoja ambacho mafundi wengi wa mjini wanaruka, yaani wanaruka kabisa wanaenda moja kwa moja kwenye kubadilisha vifaa. Kompyuta haiwaki kwa mpigo. Inapita mageti, moja baada ya jingine, na kila geti lina mlinzi wake. Umeme unatoka ukutani unaingia pawa saplai, pawa saplai inaamsha mazabodi (ile bodi kuu), mazabodi inaiamsha prosesa, prosesa inaitafuta RAM, ikishaipata inatafuta pa kutolea picha, picha ikipatikana ndo inaenda kwenye diski kuulizia Windows iko wapi. Likigoma geti la pili, la tano hulifikii. Kwa hiyo mtu akikwambia "PC yangu haiwaki" bado hajakwambia kitu, kwa sababu kuna isiyowaka hata taa, kuna inayozungusha feni bila picha, kuna inayoonesha picha ila inakosa diski, na kuna kama ya huyu chalii, inapita mageti yote halafu inaanguka ikiwa ndani. Hizo ni kesi nne tofauti na watuhumiwa wake tofauti.

Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo pembeni, zimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski). Ukiwasha zinawaka kwa zamu na ile itakayobaki inawaka ndo geti ulilokwama. Watu wananunua bodi yenye hizo taa halafu wanaifunga kwenye keisi hawaziangalii tena, wanaanza kubashiri. Bodi za zamani zilikuwa zinapiga milio, na hata sasa ukichomeka kaspika kadogo kwenye pini zake baadhi zitakupigia, ila usikariri maana ya milio uliyosoma sehemu, kila mtengenezaji wa BIOS (ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) ana yake, fungua kile kijitabu kilichokuja na bodi.

Tuanze na iliyokufa kabisa, hamna taa, hamna feni. Hapa anzia nje kabla hujashika bisibisi. Soketi ya ukutani inafanya kazi? Ekstensheni je? Chomeka chaji ya simu pale pale uone. Nyuma ya pawa saplai kuna swichi yenye alama ya mstari na duara, na usinicheke, nishaitwa mpaka Njiro kwa ajili ya swichi hiyo, dada wa kazi aliibonyeza wakati anafagia. Waya wa umeme wenyewe badilisha na wa monita, mara nyingi unafanana. Pawa saplai za zamani zina kaswichi kekundu kalikoandikwa 115 na 230, hapa kwetu umeme ni volti 230, kaswichi kakikaa kwenye 115 ukawasha utasikia mlio ambao hutausahau na harufu itakaa chumbani siku mbili.

Kama nje kote freshi, angalia kwenye mazabodi kama kuna kataa kanawaka hata kabla hujabonyeza. Pawa saplai ikiwa imechomekwa na swichi yake ya nyuma iko wazi, hata kompyuta ikiwa imezimwa, bado inatoa volti 5 za kusubiria, na bodi nyingi zinaonesha hilo kwa taa. Taa ipo lakini ukibonyeza hamna kitu? Shuku kitufe cha keisi. Chomoa ule waya wake mdogo kwenye bodi, utabaki na pini mbili, ziguse zote mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi sekunde moja. Ikiwaka basi mazabodi haina kosa, umetaka kuizika kwa ajili ya kitufe.

Taa haipo, sa ndo tunaipima pawa saplai yenyewe. Chomoa waya zake zote kwenye mashine, chukua ile plagi pana ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi, halafu washa. Feni yake ikizunguka, imeamka. Ila angalia mambo mawili. Siku hizi pawa saplai nyingi zina waya zote nyeusi, wa kijani hauuoni, hapo tafuta mchoro wa plagi uone pini ya 16 na ya 17 ziko wapi, usibahatishe. Pili, kuna za kisasa ambazo feni yake haizunguki mpaka mzigo uwe mkubwa, kwa hiyo kutozunguka peke yake si ushahidi, weka testa (kile kipimo cha volti). Waya wa njano unatakiwa usome volti 12, ukicheza kati ya 11.4 na 12.6 ni sawa, mwekundu volti 5, wa chungwa 3.3, yote ruksa kupungua au kuzidi asilimia tano. Na hata namba zikikaa vizuri bado umeipima ikiwa haijabeba kitu. Kuamka ni jambo moja, kubeba gunia ni lingine.

Halafu tafadhali usiifungue ndani. Najua mafundi wa redio watanibishia, ila ndani yake kuna kapasita kubwa inayoshika zaidi ya volti 300 na inabaki nazo hata ukishachomoa waya. Pawa saplai inabadilishwa, haifunguliwi na mtu anayejifunza.

Kuna ile inayoshtuka, feni inazunguka nusu mzunguko halafu inazima, tik, na ukibonyeza tena haijibu mpaka uizime nyuma kwanza. Hiyo mara nyingi ni shoti na pawa saplai inajilinda. Mashine yangu ya kwanza kabisa ilinifanya hivyo wiki nzima. Nilikuwa nimeshaamini mazabodi imekufa, nikaifungua kwa hasira, nikaitoa, nikaona kwenye bati la keisi kinati kimoja cha shaba, vile virefu vya kuegemeza bodi, kimesimama peke yake mahali ambapo bodi haina tundu. Keisi ilikuja nacho pale kwa ajili ya bodi ya saizi nyingine. Nyuma ya bodi kilikuwa kimeacha alama ndogo ya kung'aa, kimekwaruza rangi na kugusa nukta mbili za risasi. Nikakifungua kwa vidole tu, sikuhitaji hata koleo, nikarudisha bodi, ikawaka. Ninacho hadi leo kwenye droo.

Sa twende kwenye ugonjwa maarufu kuliko yote, feni zinazunguka, taa zinawaka rangi zote kama harusi, ila monita inasema haioni kitu. Asilimia kubwa ya simu ninazopigiwa na waliounga wenyewe ni hii.

Kwanza, umechomeka waya wa monita wapi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha zake zenyewe, na Ryzen nyingi za kabla ya zile za 7000, kama 5600, hivyo hivyo, mpaka uchukue yenye G kama 5600G. Kwa hiyo ukichomeka HDMI kwenye tundu la mazabodi hutaona kitu hadi Yesu arudi, picha inatoka kwenye kadi, chini kule. Pili, kuna plagi ya umeme ya prosesa, ya pini 8, juu kabisa kushoto ya bodi, imejificha karibu na feni. Watu wanachomeka ile ya 24 wanaona feni zinazunguka wanajua kazi imeisha. Bila hiyo ya pini 8 prosesa haina umeme, feni zinazunguka bure. Na kadi ya grafiki kama ina matundu yake ya umeme juu, nayo inataka waya wake.

Tatu ni RAM, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo inayomaliza kesi nyingi. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe. Toa RAM zote. Zishike kwa kingo, zigeuze kwenye mwanga uangalie ile mistari ya dhahabu chini, kwenye mashine iliyokaa msimu wa kiangazi hapa Arusha utakuta imefifia, ina ukungu wa vumbi laini lile linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Chukua raba nyeupe ya mwanafunzi ya kufutia penseli, futa taratibu kwenda upande mmoja, pande zote mbili, halafu puliza vichenga vya raba na ufute na kitambaa kikavu. Rudisha moja tu, tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa kama bodi ina matundu manne. Sukuma mpaka isikike imelia tak, na usiogope, RAM nyingi ninazozikuta "mbovu" zimeingia upande mmoja tu, mwingine umebaki juu milimita moja kwa sababu mwenye mashine aliogopa kuivunja bodi. Ikiwaka na hiyo moja, izime ujaribu nyingine kwenye tundu hilo hilo. RAM moja ikigoma kila tundu, RAM mbovu. RAM zote zikigoma tundu moja, tundu bovu, au prosesa imekaa vibaya, au pini ya soketi imepinda.

Kama umetumia DDR5, ile aina mpya ya RAM, mara ya kwanza kuwasha inaweza kukaa dakika kadhaa giza tupu inajifunza RAM zake, sa we ukiwa na haraka unaizima kila baada ya sekunde thelathini, unairudisha mwanzo kila mara. Iwashe uende ukaweke chai. Na kama umenunua bodi ya zamani kidogo, mfano B450, ukaweka Ryzen ya 5000, inawezekana BIOS yake haijawahi kuisikia hiyo prosesa, na hapo hamna kilichoharibika, inatakiwa iandikwe BIOS mpya kwanza.

Ikishindikana yote hayo toa kila kitu nje ya keisi. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, la karatasi nasema, sio juu ya ule mfuko wa kung'aa kwa sababu mifuko mingine nje inapitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, RAM moja, pawa saplai, na kadi kama prosesa haina picha. Washa kwa bisibisi. Ikiwaka pale juu ya boksi basi mkosaji ni keisi au kitu ulichokiacha pembeni, unarudisha kimoja kimoja, unawasha, unarudisha kingine. Kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo ikapona, hujui kilichoponya.

Inayowaka vizuri halafu inazima au kujirestati yenyewe ndo inayosumbua akili. Hapa naigawa pande mbili, joto na umeme. Joto ni rahisi kulishika kwa sababu linasomeka, weka programu ya HWiNFO, fungua gemu, angalia nyuzi za prosesa. Prosesa ikifika karibu nyuzi 100 inaanza kujipunguza kasi, gemu linakuwa zito, na ikizidi inazima. Feni za Intel zinazokuja na prosesa zina miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, mguu mmoja usipoingia vizuri feni inakaa upande, inagusa kona moja tu. Zivute kidogo uone kama kuna unaotoka. Nishakuta pia ile nailoni ya kukinga kwenye chuma cha kupoozea haijabanduliwa, kaka wa watu kapaka pesti juu ya nailoni.

Na joto la huku lina msimu. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, mwezi wa saba unacheza gemu na koti, mashine inatulia. Mwezi wa kwanza na wa pili joto limepanda, vumbi limeshajaa, mashine ile ile inaanza kuzima na mwenyewe anaapa hajagusa kitu. Moshi ndo zaidi, kule chini jamaa zangu wa Pasua wanaacha keisi wazi mwaka mzima. Ukisafisha, shika pangaboi la feni na kidole lisizunguke wakati unapuliza, na ile kompresa ya gereji ya kujazia tairi inatema maji, usinipigie simu baadaye.

Windows nayo inaandika kumbukumbu, utakuta Kernel-Power 41 na mtu anakwambia imesema pawa saplai mbovu. Haijasema hivyo. Imesema tu "nilizimwa bila kuagwa". Ukifungua maelezo yake ukakuta BugcheckCode ni 0, maana yake Windows haikurekodi kosa lolote, mara nyingi umeme ulikatika juu yake. Skrini ya bluu yenye makosa tofauti kila siku ni habari nyingine, hapo zima XMP (ile ya kuikimbiza RAM) kwenye BIOS kwanza, halafu weka Memtest86+, programu ya kuipima RAM, kwenye flashi uiache usiku, ikikutolea hata kosa moja hiyo RAM haifai.

Diski nitapita haraka. Ikianza kuganda au kulia krr krr, nakili mafaili yako kabla ya uchunguzi wowote. Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Mistari 05 na C5 ikipanda diski inaoza, ila C7 ikipanda peke yake badilisha waya wa SATA (ule wa diski) wa elfu chache kabla hujahukumu. Na saa ikirudi nyuma miaka kila ukiwasha, tovuti zikakataa kufunguka ukadhani bando limeisha, ni kibetri cha CR2032 tu.

Haya, chalii wa Kwa Mrombo. Prosesa kwangu ilikaa nyuzi 68 mzigo mzito, kwa hiyo joto nikalitoa. Kumbukumbu za Windows zote 41 na BugcheckCode 0. Nikamuuliza, gemu hili huwa unacheza saa ngapi? Akasema, "Bro mi natoka kazini saa kumi na mbili, nacheza kuanzia saa mbili." Asubuhi je? Hajawahi. Yaani yeye alijua gemu ndo linazima mashine kwa sababu jioni ndo muda wa gemu, hakuwahi kuvitenganisha.

Jumatatu nikabeba testa nikaenda kwao. Mama yake yuko jikoni, nikamwamkia, akaniuliza kama hatimaye nimekuja kulichukua hilo dude. Saa kumi na moja jioni soketi ya chumbani ilisoma 221. Saa mbili na dakika kama ishirini, majirani wote wamewasha taa, mapasi na majiko, ilisoma 174 (kupima soketi kama hujawahi mwite fundi umeme, au tumia kale kasaa ka kuchomeka kanakoonesha volti, au fridge gadi yenye namba). Taa ya chumbani ilikuwa imefifia kidogo lakini ukishazoea huioni. Tukageuza keisi, tukasoma stika ya pawa saplai kwa tochi ya simu: inapokea volti 200 mpaka 240. Kumbe kila jioni inafanya kazi chini ya kiwango chake, kwa kuandika barua inavumilia, gemu likifunguka kadi inataka umeme mwingi, inashindwa, inajizima. Kwangu Sakina ilikuwa inakula 228 bila wasiwasi, ndo maana ilipona njiani kwenye kifodi.

Alikuwa na njia mbili, stabilaiza au pawa saplai inayopokea 100 mpaka 240. Nikamwambia achukue pawa saplai, na kama baadaye atanunua UPS aulize wimbi lake la umeme likoje, kwa sababu UPS za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi ambalo baadhi ya hizi pawa saplai mpya hazielewani nalo. Akapata ya wati 550, tukaifunga jumatano usiku, testa inasoma 176 na yeye anacheza, mama yake kapita mlangoni mara mbili kusikilizia.

Ile RAM ya elfu sabini duka lilikataa kuirudisha, boksi lilishafunguliwa. Sasa ana GB 24 na amenipigia jana kuuliza mbona zinasoma kwa kasi ya ile ya zamani.